Nilijibu Mimi Kabla Yake

Wiki tatu mume wangu hakumeza kolchisini, na aliyemwachisha ni mimi.

Ni Mturuki, mzaliwa wa hapa Berlin. Tangu utotoni homa humvamia ghafla, tumbo likakaza kama ubao, na baada ya siku mbili tatu anaamka mzima, utadhani alikuwa akitania. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi, nao huwapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Jeni yake, MEFV, ilipatikana 1997. Kolchisini imekuwa ikiutuliza tangu miaka ya 1970, ila inaharisha.

Huko kuharisha ndiko kulikonichosha. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba bakteria wa utumbo wa wagonjwa hawa si sawa na wa watu wengine, nikajipa udaktari: vidonge vinamuulia bakteria wazuri, tuwarudishe kwa mtindi. Mama mkwe alinitazama tu. Kama mtindi ungekuwa dawa, si Uturuki nzima ingekuwa imeshapona?

Homa ilirudi usiku wa Jumapili. Hospitalini daktari akamuuliza kama anameza dawa. Nikadakia, "Kila siku, hakosi." Mume wangu akageukia ukutani. Daktari akaandika kuwa kolchisini imeshindwa, akaanza kueleza habari za sindano za bei kubwa. Akaagiza na mkojo upimwe protini, maana mwili ukiwaka hivi miaka na miaka, figo ndizo hulipa.

Nilimfuata kwenye korido, nikasema kweli.

Hakunifokea. Alisema jeni ile hutengeneza pirini, mlinzi wa ndani ya seli anayepiga king'ora sumu za bakteria fulani zinapoingia. Kwa mume wangu king'ora hulia hata mwizi asipokuwepo. Bakteria wa tauni wana hila ya kumziba mdomo mlinzi huyo, na wapo wanasayansi wanaohisi kwamba kasoro hii ilienea kwa kuwa iliwaokoa waliorithi nakala moja tu. Kumbe bakteria wamo kweli katika kisa hiki, ila si kwa njia niliyojitungia mimi.

Na kuharisha? Agawe dozi asubuhi na jioni, akasema, na kwa muda apunguze maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa, kwani kolchisini huweza kulifanya tumbo lisiyaweze.

Kwenye friji kulikuwa na ndoo mbili za mtindi. Mume wangu alizibeba mwenyewe, bila neno, akampelekea mama yake.