Siku ya Jangwa Kipili



Huku Ufipa, ukipanda kilima bila jembe, shoka wala ndoo, watu watakuuliza kama umepotea au unamtafuta nani. Mtu hutembea kwa sababu anakwenda mahali: shambani, mnadani, kwa wakwe, kigangoni kwa Misa. Anayetembea ili atembee tu, huyo ni mgeni mwenye kamera. Sisi mafrateri watatu wa mwaka wa tatu wa falsafa tulipofika Kipili katika likizo ya mwezi wa nane na kusema tumekuja kufanya siku ya jangwa, wenyeji walitutazama, kisha wakalitazama Ziwa Tanganyika lililokuwa limejaa mbele yetu, kisha wakatutazama tena.

Waliopitia malezi ya seminari wanaijua siku ya jangwa. Ni siku ya kimya ndani ya mafungo: hakuna simu, hakuna soga, kila mmoja anajitenga na Biblia yake. Mara nyingi tunaifanya chini ya mwembe nyuma ya kikanisa, na tuseme kweli, wengi husinzia kabla ya saa nne. Kwa hiyo tunapendekeza namna nyingine, ya miguu, na njia ya Kipili inamfaa hata ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za bweni.

Kutoka Sumbawanga unapita Namanyere, kisha barabara inateremka. Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye 770 hivi, kwa hiyo sweta uliyovaa asubuhi utakuwa umeivua muda mrefu kabla ya kufika chini. Kipili ni kijiji cha wavuvi. Mbele yake kuna visiwa, Mvuna, Ulwile na Lupita, vinavyolikinga ziwa lisichafuke sana pale ufukweni. Nyuma ya nyumba ardhi inapanda, na juu ya kilima kuna magofu ya misheni ya zamani. Huko ndiko tulikokwenda. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi, mteremko wa kawaida, hakuna mahali pa kushika kwa mikono. Bibi mwenye mkongojo anafika, ila atafika baadaye.

Anzeni kabla ya saa moja asubuhi, au ngojeni saa kumi jioni. Katikati hapo jua halina huruma. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, asitegemee kuyapata njiani. Kandambili ziacheni nyumbani. Na msiache kubisha hodi kijijini kwanza na kuomba kuonyeshwa njia, si kwa hofu ya kupotea, bali kwa sababu kilima kina wenyewe.

Je, ni jangwa? Mchanga hakuna. Lakini mwezi wa nane miti ya miombo imepukutika, nyasi zimekauka au zimechomwa, na majivu yanakupanda mpaka kwenye vifundo. Hakuna kivuli cha maana. Unasikia pumzi yako na ya mwenzako. Halafu unageuka, na ziwa lote liko chini yako na milima ya Kongo ng'ambo kama moshi uliolala. Tulisimama mara nyingi kuliko tulivyochoka.

Jangwa lenyewe, lile la mchanga, liliwahi kufika mwambao huu kwa namna nyingine. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu bado wanawaita White Fathers, walianzishwa na Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, na kanzu yao nyeupe waliichukua kwa wenyeji wa Algeria. Mwaka 1876 mapadre wao watatu waliuawa Sahara wakiwa njiani kwenda Timbuktu. Miaka miwili baadaye msafara mwingine ulielekea huku kwetu kupitia Zanzibar, ukafika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaanza kazi Karema, kaskazini mwa Kipili kwenye mwambao huuhuu.

Karema ndiko alikofika Adrien Atiman mwaka 1889. Alizaliwa upande wa mto Niger, akakamatwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama mtumwa, kisha mapadre wakamkomboa. Walimsomesha udaktari Malta. Hakuwa padre. Alikuwa daktari na katekista, akaoa huku, mwanawe mmoja akawa padre, na yeye akatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 mahali pamoja! Huwa tunawasifu watakatifu wa jangwani waliolitafuta wenyewe. Atiman hakulitafuta.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia tulipokutana na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, anateremka. Tukampisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mafrateri, mnakwenda wapi juani?"

"Juu, mama. Kusali."

"Huko juu hakuna padre siku hizi," akasema, akapita zake bila kupunguza mwendo.

Njia pale ni nyembamba, watu wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine, hawatazamani. Tunadhani ndiyo sababu mwenzetu wa nyuma aliweza kusema. Kimya cha siku ile alikivunja yeye: "Jamani, mimi barua sitaandika."

Kwa wasiojua: anayemaliza falsafa humwandikia askofu wake, kwa mkono wake, akiomba kuendelea na malezi. Hakuna aliyegeuka. Tulitembea labda hatua mia moja, tunasikia viatu tu. Darasani tumejifunza kwamba wanafunzi wa Aristotle waliitwa watembeaji, na mtihani wake tuliufanya tumekaa saa tatu kwenye viti vigumu. Pale kilimani tulielewa kwamba kuna maneno yanayohitaji miguu.

Juu, magofu ni kuta za matofali zisizo na paa. Tulikaa upande wenye kivuli, tukamsikiliza. Hakugombana na mtu, hakuwa na mchumba aliyefichwa. Alisema amekuwa akisali kwa uaminifu, na kila mara jibu ni lilelile. Kinachomuumiza ni mama yake. Kijijini kwao, tangu aingie seminari ndogo, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Padre. Sokoni, kwenye kikundi cha akina mama, hata kwenye daftari la duka.

Mmoja wetu akamkumbusha habari za Atiman. Akacheka. "Msinipe Atiman kama kidonge," akasema. "Mama yangu hajamsikia."

Tulikubali. Tukabaki pale mpaka kivuli kikaisha, tukasali sala ya mchana, tukashuka. Kushuka ni nusu saa tu, tena magoti yakiwa mazima. Ufukweni tukanunua migebuka, tukala kwa ugali bila kuongea sana.

Kesho yake tulipata lifti ya lori la dagaa mpaka uwandani, tukashuka wote watatu kwenye njia ya kwao. Alikuwa ametuomba tukae naye ndani atakaposema, nasi tukakaa. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tumekula, akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mwenzetu ameturuhusu kuandika haya, mradi tusitaje jina wala kigango chake. Barua kwa askofu aliiandika hatimaye, ya kushukuru. Mama yake bado anaitwa Mama Padre. Amesema wataacha wakichoka.