Usilaumu Lenzi Kabla ya Kuifuta

Wasee, wacha niungame kitu. Mwezi uliopita nilimkosea rafiki yangu kwa sababu ya uchafu mdogo kuliko punje ya chumvi.

Nilikuwa nimeitwa Meru kupiga picha za harusi. Nusu ya pesa nilishapewa na nilishakula. Nikatoka Embu alfajiri na matatu, kamera kwa begi, na lenzi ya kuazima ya 50mm kwa mfuko wa koti, bila kifuniko cha nyuma. Runyenjes, Chuka, Nkubu, njia yote inasuguana tu na sarafu.

Kufika Makutano nikaifunga kwa kamera nijaribu. Kubonyeza, skrini ikaandika "Err 01". Nikazima, nikawasha. Err 01 tena. Zilikuwa zimebaki saa mbili bibi harusi atoke kwao. Nikampigia beshte yangu nikamfokea: "Umenipatia lenzi mbovu na ulikuwa unajua!" Alinyamaza kidogo, halafu akakata.

Nikaingia studio moja ndogo. Mzee wa hapo aliitoa lenzi, akaigeuza, akanionyesha vile vidoti vya rangi ya dhahabu nyuma yake. "Kijana, hapa ndipo inaongea na kamera. Na wewe umeipaka jasho na vumbi." Akavifuta na kitambaa laini, kikavu. Dakika moja tu. Picha ikatoka.

Miaka mitatu napiga picha na hii kitu sikuwa naijua. Lenzi za kitambo zilisukumwa na vyuma. Nikon F ya 1959, kwa mfano, ilitumia kijiti cha chuma kufunga tundu la mwanga kwenye lenzi. Mwaka wa 1987 Canon ikaleta lenzi za EF na ikaondoa hiyo mambo yote. Mota ya fokasi ikawekwa ndani ya lenzi, na tundu nalo likaanza kuendeshwa kwa umeme. Kwa hivyo umeme, amri za kamera na majibu ya lenzi, vyote vinapita kwa vile vidoti. Vikishikwa na uchafu, kamera inauliza na hakuna wa kujibu.

Ukipatwa na hiyo, zima kamera kwanza. Toa lenzi, futa vidoti polepole. Zile pini za upande wa kamera ziko na springi, kwa hivyo usizikwaruze na kucha, na msasa usiwahi leta karibu. Ukimaliza, rudisha kifuniko.

Sisi vijana wa content tuko haraka kusema vifaa ni vibovu. Mimi nilikuwa nishaanza kuhesabu mkopo wa simu ninunue lenzi ingine, na shida ilikuwa vidole vyangu.

Jioni nilimpigia beshte. Hakushika. Jumatatu nikampelekea lenzi kwao, safi, na kifuniko juu, nikamwambia pole. Lenzi aliichukua. Ile pole bado anaifikiria.