Kazi Ipo, Mtu Yupo, Mchawi Maneno!

Hivi msomaji wangu, umeshajiuliza kwa nini mabosi wanalia hawapati watu, na vijana nao wanalia hawapati kazi? Mimi naona mchawi ni maneno.

Dada yangu, mtoto wa shangazi, kazi yake pale Dar ni kuyatafutia makampuni wafanyakazi. Mwaka jana alitakiwa apate mtu wa kusimamia wakulima wa mboga huku kwetu Mlalo, anayejua Kisambaa. Akakesha LinkedIn wiki nzima akiandika vyeo vya Kizungu. Wakamjia wasomi wa mjini watupu! Akanipigia: "Mdogo wangu, huko milimani hakuna watu?"

"Wapo dada, ila hawajiiti hivyo."

Tukaanza upya, safari hii Google. Kwanza, "bwana shamba" tukayafungia ndani ya alama za usemi ili maneno yaje pamoja. Pili, lugha yetu kila mtu anaiandika kivyake: Kisambaa, Kishambaa, Kishambala. Tukaweka yote, katikati OR kwa herufi kubwa. Tatu, ukitafuta Lushoto unaletewa hoteli na watalii. Tukaandika -hotel, kijistari kikigusana na neno, takataka zikapungua.

Lakini kiboko tulimkuta Facebook, kundi la wauza mboga, tulipoandika "karoti Lukozi". Kijana wa kidato cha nne kama mimi. Kila wiki anatundika picha za shamba, wakulima wanamuuliza habari za ukungu, naye anawajibu kwa Kisambaa. Wasifu wa kuombea kazi hana, ila ushahidi tele!

Dada akataka kuirusha namba yake kwa kampuni hapo hapo. Nikamkatalia. Namba ya kuuzia karoti si ya kugawa ovyo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, inafanya kazi tangu Mei 2023. Tukampigia kwanza, akakubali.

Bosi naye: "Cheti cha chuo kiko wapi?" Dada akamjibu, "Mwite kwanza, muulize ukungu." Akaitwa. Leo yuko kazini, anapanda milima na pikipiki ya kampuni.

Nyie mnaosaka watu, tafuteni kwa maneno ya wenyewe, siyo ya ofisini kwenu. Nanyi washikaji, andikeni mnachofanya na mlipo. Kabichi lililofichwa ndani ya tenga halipati mnunuzi!

Tukutane wiki ijayo.