Kibano hiki si dawa

Mwanangu Neema,

Huku Kongwa mtama umeingia ghalani. Ila mama yako hatoki tena mchana. Jua linamchoma macho. Juzi nimemkuta uani na kibano ulichomtumia, mtoto wa jirani akimnyonyoa kope. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Ulikituma kwa mapenzi, najua. Nami nilimnyonyoa bibi yenu kope miaka mingi, na bado akapofuka mikononi mwangu. Kope iliyonyonyolewa huota tena, fupi na ngumu, ikachoma zaidi. Kinachomsumbua mama yako ni vikope, yaani trakoma. Huambukizwa utotoni kwa vidole, nguo na nzi. Ugonjwa huu ukimrudia mtu mara nyingi, huacha kovu ndani ya kigubiko cha jicho. Kovu hukaza, ukingo hujikunja ndani, kope zikakwaruza jicho kila anapopepesa. Sisi wanawake vikope hutupofusha zaidi, maana ndio tunaolea watoto.

Mimi nami vikope viliponipata, niliogopa kisu cha upasuaji. Watu walisema jicho hung'olewa. Nikangoja, hata kioo cha jicho la kulia kikawa cheupe. Nilipokubali, nilichomwa sindano ya ganzi, mganga wa macho akapasua kigubiko, akageuza ukingo utazame nje kama fundi anayekunjua upindo wa kitenge, akashona. Nikalala nyumbani siku ileile. Jicho la kushoto ndilo linaloongoza mkono huu sasa. La kulia liliacha kuuma, ila nuru haikurudi. Upasuaji huokoa kilichobaki, mwanangu; kilichopotea haukirudishi.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini, uje umpeleke mama yako hospitali. Mimi ananibishia kwa kuwa ni mdogo wangu, wewe hatakukatalia. Mshike mkono mpaka mlangoni. Kope zikirudi baadaye, naye arudi kwa mganga, asione haya. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Na wanao wanawishwe uso kila siku, kila mmoja na kitambaa chake. Dawa ya vikope ikigawiwa kijijini, wameze wote. Malawi waliutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma mwaka 2022, Burundi wakafuata 2025. Nasi tutafika.

Kibano nimemnyang'anya. Ukija nitakurudishia, ukatolee watoto miiba.

Ni mimi mama yako mkubwa,
Kongwa