Siku Arobaini katika Jangwa la Arizona

Mimi na bwana yangu tumeishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka 24. Watoto wetu wamekulia huko, na wajukuu wamezaliwa huko. Lakini tangu bwana astaafu kazi ya udereva wa malori, kila inapoingia Disemba magoti humkatalia hata kushuka ngazi, naye hurudia neno lile lile: "Mama watoto, turudi zetu Mombasa." Nami humjibu lile lile: "Na wajukuu hawa tuwaache?" Mwaka huu maneno hayo yalizidi, yakawa yanatia ubaridi ndani ya nyumba kuliko ule wa theluji iliyokuwa nje.

Mwenzake wa kazini akamshauri tukodi nyumba-gari, tuelekee kusini mpaka baridi ipungue. Nyumba-gari ni basi lililofanywa nyumba: lina kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, tangi la maji safi na matangi mawili ya maji machafu. Wastaafu wengi wa Minnesota na wa Kanada hufanya hivyo kila mwaka, na watu huwaita ndege wa theluji, kwa kuwa huhama na majira. Tukakubaliana siku arobaini. Kwa siku tano tulipita Iowa, Kansas na New Mexico, safari ya takriban kilomita 3,000, mpaka tukafika Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona.

Kwa hesabu ya mwaka 2020 wenyeji wa Quartzsite walikuwa kama 2,400 tu. Lakini ikifika Januari, jangwa lote hujaa nyumba-gari kadiri macho yanavyofika. Wengine hukaa kwenye ardhi ya serikali isiyo na umeme, ambako kwa miaka mingi ada ya kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili ilikuwa dola 180. Sisi tulilipia kambi yenye huduma: kila kiwanja kina bomba la maji, umeme na tundu la kumwagia maji machafu, na kuna ukumbi ambapo wazee hukutana kwa kahawa na kucheza karata. Mchana jua ni la uvuguvugu, nyuzi 20 hivi. Usiku baridi huingia, lakini si ile ya kuvunja mifupa. Juma la kwanza halijaisha, bwana yangu alikuwa akitembea bila mkongojo, akizunguka sokoni kutazama mawe ya vito yanayouzwa mezani kando ya barabara.

Ibada nayo ilitufundisha mengi. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Arizona kibla kiko kaskazini pia, kikielemea kidogo mashariki. Tulitandika miswala nje ya mlango, milima ya mawe mbele yetu na mipungate mirefu kama nguzo. Mahali ambapo tangi likijaa huna budi kulimwaga wewe mwenyewe, ndipo nilipofahamu kwa nini tulifunzwa chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kwangu Minnesota nilikuwa nikiacha mfereji ukimwagika ovyo.

Asubuhi moja tulikwenda makaburini. Pale pana mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, na juu yake ngamia wa shaba. Ni kaburi la Hadji Ali, mtu wa nchi za Sham, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu kwa kubebea mizigo jangwani. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Ngamia walifanya kazi vizuri, ila farasi na nyumbu waliwaogopa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 mpango ukafa. Mwenyewe alibaki, akaoa Tucson kwa jina la Philip Tedro, akapata mabinti wawili, akafia hapa Disemba 1902. Mnara ulijengwa mwaka 1935. Mambo ya moyo wake anayajua Mola wake. Sisi tulimuombea rehema. Bwana yangu alisimama pale kitambo kirefu, kisha akasema, "Hata jina lake wamelizika nusu." Nilijua hakuwa akimsema Hadji Ali peke yake.

Majirani wetu walikuwa mume na mke kutoka Kanada, wote wamepita miaka 70. Walikwisha kuuza nyumba yao. Ile nyumba-gari ndiyo makazi yao ya mwaka mzima. Nakiri kwamba niliwahurumia kwa dharau kidogo. Nilijiambia: hawa ni wazee waliotupwa na watoto. Bibi yule ndiye aliyetangulia kubisha hodi, akiuliza tunakula nini na hatuli nini, na kesho yake akaleta tende za Yuma, aina ile nene na laini ambayo miche yake ya asili ilitoka Moroko mwaka 1927. Nikamrudishia sahani na mahamri.

Usiku wa siku ya ishirini na tatu alibisha tena, kwa vishindo. Mumewe ameanguka, kifua kimembana. Gari la wagonjwa lilimchukua hadi mji wa jirani, nasi tukafuata nyuma na yule bibi katika gari la mzee mwingine. Alfajiri, tukiwa tumekaa kwenye viti vya hospitali, aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Sijawahi kuliendesha lile gari. Akifa, sijui nitatokaje pale jangwani." Watoto wake watatu walipiga simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwita kwake. Kumbe hawakumtupa, walikuwa mbali tu, kama wangu watakavyokuwa nikirudi Mombasa, na kama ndugu zangu wa Mombasa walivyo mbali nami leo.

Mzee alilazwa siku tisa, na Mwenyezi Mungu akamponya. Katika siku hizo niliona watu wa kambi wakigawana zamu bila kuitwa mkutano: huyu anamlisha mbwa, huyu anamwaga matangi, huyu anampeleka bibi hospitalini. Mimi nilipika wali na mchuzi wa kuku. Ilikuwa kama mtaani kwetu nyumba inapofikwa na jambo. Haki ya jirani tumeihubiri sana. Pale niliiona ikitendwa na watu wasioijua dini yetu, nikaona haya kwa ile huruma yangu ya mwanzo.

Siku iliyofuata nilimwambia bwana yangu anifundishe kuliendesha basi. Alicheka, kisha akaona sicheki. Tulianza kwenye uwanja mtupu nje ya mji. Kurudi nyuma kulinitoa jasho, na pipa moja la taka lilipondeka. Tulipoondoka siku ya arobaini, mimi ndimi niliyeshika usukani kuvuka New Mexico, naye amelala kitandani nyuma.

Alipoamka, nilimwambia nililolifikiri njia nzima. Mababu zetu waliwapokea mabaharia wa Uarabuni walioshuka Mombasa na pepo za kaskazi, wakarejea kwao na kusi, wala hakuna aliyewaita watu wasio na kwao. Nasi twende na kaskazi: Disemba hadi Machi kwetu Mombasa, kwa dada yake, miezi mingine tuwe na wajukuu. Nauli ni nzito, na miili yetu haitaiweza safari hiyo miaka mingi. Alinyamaza mpaka tukapita mji mzima. Kisha akauliza, "Na kifo kikitukuta, kitatukutia wapi?"

Nikamwambia hilo si letu kupanga. Akaniambia nipunguze mwendo, mbele kuna kona.