Mama, ule haukuwa ukungu

Najua nimepotea, testi zilikuwa zinafuatana kama daladala. Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya kafeteria. Nataka kuongelea kuvu. Msicheke.

Mwezi wa pili mama alinipigia kutoka nyumbani, Uporoto kule Mbeya. Viazi vyetu, nusu eka, vilikuwa vimeanza kupata mabaka meusi kwenye majani, na kwa chini ya jani kuna kitu cheupe kama unga. Mvua kila siku, baridi mpaka kwenye mifupa. Akaniuliza, "Wewe si ndiyo unasoma mambo ya mimea huko mwanangu, hii ni nini?" Nilikuwa nimening'inia kwenye daladala, nikajibu fasta: "Ukungu huo mama, mwambie wa dukani akupe dawa ya ukungu." Basi. Simu ya dakika moja na nusu.

Mama akafanya kama mwanae msomi alivyosema. Siku kumi baadaye shamba lote lilikuwa limelala chini, jeusi, linanuka. Na viazi vile ndivyo vilikuwa vimpeleke dogo kidato cha tano.

Mimi nikajua ni mvua tu. Mpaka tulipofika kwenye mada ya makundi ya kuvu.

Sisi nyumbani tunaziita kwa kazi zake: uyoga wa kula, hamira ya maandazi, mapunye ya kichwani. Darasani haziendi hivyo. Kwanza kuvu si mmea, mpangilio wa himaya tano wa Whittaker wa mwaka 1969 uliitenga kabisa. Ukuta wa seli yake una kitini, kile kile kilicho kwenye gamba la mende, na akiba ya chakula inaiweka kama glikojeni, kama ini lako wewe. Halafu ndani ya himaya unauliza spora zinatungwa wapi. Zikiwa ndani ya kifuko, mara nyingi nane nane, hiyo ni Askomikota, na hamira yumo humo. Zikiota nje, kwa kawaida nne juu ya kijirungu, ni Basidiomikota: uyoga, na kutu ya kahawa pia. Kitridi wao spora zao zina mkia mmoja na zinaogelea. Ndio wanaohusishwa na kufa kwa vyura wa Kihansi mwaka 2003. (Mwenye desa la zamani lenye Zigomikota alitupe, kundi hilo lilivunjwa mwaka 2016 likawa mawili. Mimi lilinikosesha maksi.)

Sasa siku ya maabara tukaletewa majani ya viazi yenye mabaka. Nikayatambua hapo hapo, moyo ukafanya paa. Chini ya hadubini spora zake zina umbo kama la limau. Tukaziweka kwenye maji baridi, tukasubiri, na kila limau likapasuka likatoa vidude vinaogelea. Mikia miwili kila kimoja! Mwalimu akauliza ni kundi gani, nusu ya darasa tukasema kitridi. Akacheka. Hiyo ni Phytophthora infestans, ile iliyoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu kama milioni moja wakafa kwa njaa na magonjwa. Na si kuvu. Ukuta wake ni selulosi, ndugu zake ni mwani wa kahawia (siyo ule mwekundu wanaolima Zanzibar). Umbo la nyuzi nyuzi ndilo lililowadanganya watu miaka mingi, likanidanganya na mimi.

Nikaenda nje, nikafungua ile picha ya kopo la dawa ambayo dogo alinitumia. Tebukonazoli. Dawa za jamii hiyo zinaua kuvu kwa kuizuia isitengeneze ergosteroli ya utando wa seli. Phytophthora haitengenezi ergosteroli kabisa. Yaani mama alibeba bomba mgongoni kwenye mvua akapuliza kitu ambacho ule ugonjwa haukuwa na habari nacho. Muuza duka simlaumu, aliulizwa dawa ya ukungu akatoa dawa ya ukungu.

Nilikaa siku tatu ndiyo nikapiga. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nikamweleza yote, kwamba kosa ni langu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu: "Kwa hiyo msimu ujao ninunue ipi?" Nikamwambia yenye metalaksili na mankozebu pamoja, na aanze kupuliza kabla mabaka hayajaenea, asisubiri. "Majina hayo mimi siwezi, mwandikie mdogo wako."

Nimemwandikia, kwa herufi kubwa. Dogo kajibu "poa", hakuongeza neno. Bumu likitoka nusu inakwenda kwake, kwa hiyo wote mnaonidai mtulie kwanza.