Ile chupa haikunuka

Najua nimepotea hapa kijiweni karibu miezi miwili, na kuna watu wamenitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, mwaka wa tatu udaktari, bumu limeisha kama kawaida na naishi kwa chipsi mayai za mkopo. Kilichoninyamazisha ni jambo la nyumbani. Leo nimeamua kuliandika, maana nimelibeba vya kutosha, na pia lina funzo ambalo hata ninyi wa sheria na biashara litawafaa siku moja.

Mnakumbuka nilivyokuwa naiponda patholojia? Nilikuwa naiita somo la maiti na vioo. Mimi nilitaka upasuaji bwana, mambo ya kuvaa gauni la kijani na kuamuru watu. Vipindi vya patholojia vya saa mbili asubuhi nilikuwa naingia mitini, nategemea desa la mshikaji wangu wa rumu. Kipindi kimoja nilichokikosa kilihusu namna ya kuhifadhi nyama inayokatwa kwa mgonjwa kabla haijafika maabara. Nikasema moyoni, hicho nacho cha kusomea? Nyama si unaitia kwenye dawa, basi. Shikilieni hapo, tutarudi.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, yuko kwetu Kilwa. Ana miaka sita. Amerithi jina la marehemu babu yetu, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu. Muhula uliopita dada akanipigia: "Mdogo wangu, Babu anavimba shavu, wamesema ni jino." Jino likang'olewa. Wiki iliyofuata meno mengine mawili yakaanza kucheza, nayo yakang'olewa. Uvimbe haukujali. Ndani ya wiki tatu jicho la upande ule lilianza kusukumwa nje. Hapo ndipo daktari mmoja wa huko alipomwambia dada kwamba sasa akatwe kinyama kipelekwe Dar kikapimwe.

Kinyama kikakatwa, kikatiwa kwenye chupa, chupa ikapewa konda wa basi. Mimi nikaenda kuipokea stendi Ijumaa jioni. Ilikuwa kichupa cha dawa ya maji, shingo nyembamba, ndani nyama ya ukubwa wa punje ya korosho inaelea kwenye maji meupe. Fomu iliyofungwa kwa raba bendi ilikuwa na jina la mtoto na neno moja tu: uvimbe. Hakuna umri, hakuna sehemu ilikotoka nyama, hakuna muda ugonjwa ulipoanza.

Maabara ilikuwa imeshafungwa na Jumatatu nilikuwa na testi. Nikakiweka kichupa dirishani rumu, nikaendelea kupiga msuli. Jumatatu baada ya testi ndiyo nikakipeleka. Nilijiona nimetimiza wajibu wa mjomba kabisa.

Siku tisa baadaye nikaitwa na dokta wetu wa patholojia, mama mmoja mpole sana. Akaniuliza, "Kijana, hii chupa uliileta wewe?"

"Ndiyo, Dokta."

"Ilinuka?"

Nikabaki nimeduwaa. Wadau, mtu yeyote aliyewahi kuingia chumba cha anatomia anaijua formalini. Inachoma pua, inatoa machozi, unarudi hosteli na harufu kwenye nywele. Ile chupa ilikaa dirishani kwangu siku tatu, nusu mita kutoka kwenye mto, na haikunuka chochote. Yalikuwa maji ya dripu. Nyama ya Babu ilikuwa imeoza, na kwenye kioo hakukuwa na kitu cha kusoma.

Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alinikalisha akanifundisha kile kipindi nilichokitoroka. Nyama ikitoka mwilini, seli zake zinaanza kujimeng'enya zenyewe, na bakteria nao wanaingia. Formalini inazigandisha protini, kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa dakika ile. Lakini inapenya polepole, kama milimita moja kwa saa, ndiyo maana kipande kikubwa kinapasuliwa na formalini inatakiwa iwe kama mara kumi ya ujazo wa nyama. Chupa iwe na mdomo mpana, maana nyama ikishakakamaa haitoki shingoni. Ningekuwepo darasani siku ile, Ijumaa ningejua. Usiku uleule ningepiga simu Kilwa.

Basi nikampigia dada, nikamwambia ukweli wote, pamoja na sehemu yangu. Alinyamaza, kisha akasema, "Sasa tufanyeje, mdogo wangu?" Nikamwambia apande basi kesho yake na mtoto.

Sasa mtaniuliza: kwa nini kuhangaika na kinyama wakati kila mtu anaona mtoto ana uvimbe? Si atibiwe tu? Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyo. Jibu ni kwamba shavu la mtoto likivimba hivyo, kwa macho huwezi kujua ni nini. Linaweza kuwa jipu la jino, dawa yake ni kulitoa usaha na antibayotiki. Linaweza kuwa ameloblastoma, uvimbe wa taya unaohitaji kukatwa, na wakati mwingine taya nalo linakatwa. Linaweza kuwa rabdomayosakoma, saratani ya seli za misuli, hiyo inataka dawa za muda mrefu pamoja na kisu au mionzi. Na linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, ambayo kisu hakiisaidii kabisa, dawa yake ni dripu, tena haraka, maana uvimbe huo unaweza kujizidisha mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Sura ni moja, tiba nne tofauti. Ukikosea jina unaweza kumkata mtoto taya bure na bado ukampoteza.

Hii ya Burkitt ina historia ya hapahapa Afrika Mashariki, niliisoma usiku nikiwa sipati usingizi. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliitwa kumwona mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine, naye ana uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 akaandika makala kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Afrika, akiita sakoma. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya macho na mikono. Walioipa jina sahihi ni watu wa vioo. Gregory O'Conor, mpatholojia Mmarekani aliyefanya kazi Mulago pamoja na J.N.P. Davies, alizipitia sampuli za watoto zilizohifadhiwa. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari, wa tumboni, ambao ulikuwa umeandikwa majina tofautitofauti, chini ya hadubini ulikuwa kitu kimoja: limfoma. Tena ndiyo iliyokuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto walizokuwa nazo. Huko Ulaya na Marekani saratani hii ni nadra sana, lakini kwenye ukanda wetu wa malaria inaonekana mara nyingi zaidi. Baada ya kujulikana kuwa ni limfoma, watu wakaacha kuikimbilia na kisu. Miaka ya 1960 Burkitt na wenzake walijaribu dawa kama siklofosfamaidi na methotreksati, wakaona uvimbe unayeyuka kwa siku chache.

Na kuna kisa cha sampuli iliyochelewa ambacho kilinichoma roho. Burkitt alikuwa anamtumia Anthony Epstein, London, vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Hivyo vilikwenda vikiwa hai, bila formalini, kwa sababu Epstein alikuwa anatafuta kirusi. Mwezi Desemba 1963 ndege moja ikazuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Sampuli ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu pia. Mtu angedhani imeoza aimwage. Epstein akaweka tone kwenye hadubini kwanza, akakuta seli za uvimbe ziko hai, zinaelea zenyewe. Kutoka huko wakafanikiwa kuziotesha, na mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr. Ucheleweshaji wa mwenzangu ulileta ugunduzi. Wa kwangu ulimla mpwa wangu siku kumi na mbili.

Turudi kwa Babu. Alifika Dar Jumanne usiku, amekonda, shavu kama embe dodo. Jumatano akakatwa kinyama kingine. Safari hii niliomba ruhusa nikasimama na chupa mwenyewe: mdomo mpana, formalini ya kutosha, machozi yananitoka na sijui yalikuwa ya formalini au ya nini. Fomu niliomba niione, ikajazwa yote: miaka sita, taya la juu kulia, wiki sita, meno yanacheza, anatoka Kilwa. Dokta aliniambia ile fomu ni nusu ya hadubini. Mtu wa vioo hamwoni mgonjwa, hayo maneno ndiyo mgonjwa wake.

Kisha nikafuatilia kila hatua kama mtu anayelinda kura. Nyama ilikaa kwenye formalini mpaka kesho yake, ikaondolewa maji kwa spiriti, ikazamishwa kwenye nta ya parafini, ikawa kijitofali. Fundi wa maabara akakikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko unywele kwa mbali, akavitandaza kwenye kioo, akavitia rangi. Jumatatu dokta akaniita tena, akasogea kiti, "Haya, angalia."

Niliona uwanja mzima wa seli za buluu, zimebanana, za ukubwa mmoja, kama zimepigwa chapa. Katikati yake, hapa na pale, madoa meupe. Akaniambia yale madoa ni makrofaji, seli zinazokula mabaki ya seli zilizokufa, na vitabuni mwonekano huu unaitwa anga la nyota. Kweli, ilikuwa kama mbingu ya Kilwa umeme ukikatika. Nikajisikia vibaya kuona kitu kizuri hivyo ndani ya shavu la mtoto wetu.

Lakini hakuishia hapo. Alisema rangi peke yake inaweza kudanganya, kuna saratani kadhaa za watoto zenye seli ndogo za buluu. Wakaongeza kipimo cha kingamwili, ambapo kila kingamwili inanasa protini yake. CD20 ikawaka, maana yake ni seli B. TdT haikuwaka. Hiyo ni muhimu, kwa sababu ingewaka tungekuwa tunazungumzia limfoma ya aina nyingine inayotibiwa kama leukemia, kwa miaka. Na Ki-67, inayoonyesha seli zilizo kwenye kugawanyika, ikawaka karibu zote. Akaandika jina: limfoma ya Burkitt.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Uboho ukapimwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa. Akapewa maji mengi ya dripu na alopurinoli kwanza, kwa sababu uvimbe huu ukifa wote kwa mkupuo unaweza kuziba figo. Halafu dawa zenyewe. Siku ya nne dada alinipigia asubuhi analia, nikajua basi. Kumbe anasema, "Jicho limerudi, mdogo wangu. Njoo uone, jicho limerudi."

Jana Babu amemaliza mzunguko wa nne. Kichwa hakina nywele, mdomo ulipata vidonda, kuna usiku alipata homa tukakaa wote macho. Sitawadanganya kwamba yamekwisha, bado kuna mizunguko na bado kuna kusubiri. Ila shavu limelala, anakula, na wodini ameshawafundisha wenzake wimbo wa Simba. Mama yangu kule nyumbani kila siku ni alhamdulillah.

Juzi akaniuliza, "Mjomba, ile nyama yangu mliitupa?" Nikamwambia hapana, ipo kwenye nta, kabatini, na jina lake. Akafurahi sana, sijui kwa nini.

Nisiwachoshe. Kwa wenzangu wa udaktari: hudhurieni kile kipindi cha saa mbili. Kwa wengine wote: siku ndugu yako akikatwa kinyama, uliza kimewekwa kwenye nini, kinakwenda wapi, na fomu imejazwa. Mkikabidhiwa chupa, msiiweke dirishani. Na kama haiwachomi pua, pigeni simu siku hiyohiyo.

Mimi bado nataka upasuaji. Lakini Alhamisi mchana, nikiwa sina kipindi, mnaweza kunikuta chumba cha hadubini. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.